Uji Chini ya Darubini

Seli za Mzee Ngala zilipasuka zote, na Chirau akaandika kwamba hazina kansa.

Maji yalitolewa tumboni mwa mzee kwa sindano, mazito, ya manjano, yakinuka kama samaki aliyelala juani. Maabara yao ya Mbaraki ilikuwa na mashine mpya ya kuzungusha sampuli, yenye mikono mirefu kuliko ile kuukuu. Chirau alibandua karatasi ya kasi, "3000", kwenye mashine ya zamani, akaibandika kwenye mpya. Mejumaa, mfanyakazi mwenzake, alimwambia mkono mrefu hukandamiza seli zaidi, apunguze kasi. Chirau akacheka, akamwita "profesa wangu", akabonyeza kitufe.

Walikuwa wachumba. Mwaka 1993 Chirau alimwona Mejumaa kwenye foleni ya posta, buibui likinukia udi, akampisha mbele huku watu wakinung'unika. Sasa barua ya posa ilikuwa kwa babake Mejumaa, ikingoja jibu.

Jioni ile Mejumaa alitazama kioo cha sampuli ya mzee chini ya darubini, akampigia Chirau simu.

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu, mpenzi. Ndivyo nilivyoandika."

"Uliona uji. Huwezi kusema uji hauna kansa."

Chirau akasema bosi akijua angemfukuza, na posa ingeharibika.

"Nenda kwa mzee. Mwambie adungwe tena."

"Nitakwenda kesho, mahabuba. Wallahi."

Mejumaa akamsamehe. Ijumaa walikula viazi karai Mji wa Kale, Chirau akimmegea na kumlisha kwa vidole, na yeye akicheka kwa aibu.

Baadaye, huko Makupa, Mejumaa alikutana na Kavumbi, binti wa mzee. Kavumbi alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Majibu yalikuwa mazuri, walichinja mbuzi, na tumbo la baba lilikuwa limeanza kujaa tena, lakini si kitu.

Mejumaa alitapika ukutani mwa duka la mabati. Alikuwa ameshika makohozi na usaha miaka minne bila kutapika.

Alimweleza Kavumbi yote palepale. Chirau alipomfuata kwao, Mejumaa alisimama mlangoni.

"Nilikuwa nikitafuta siku nzuri ya kwenda," Chirau alisema.

"Ulinilisha kwa vidole vilevile ulivyoandikia."

Mzee Ngala alidungwa mara ya pili, maji yakazungushwa kwa kasi ndogo, na kansa ikaonekana wazi. Zilikuwa zimepotea siku kumi na tisa. Chirau alifukuzwa kazi, Mejumaa pia, kwa kutoa siri. Barua ya posa ilirudishwa. Mzee aliishi wiki sita.