Shati la Kuvaa na Kilti

Kila Jumamosi Adela aliamka kabla ya mama yake, akachemsha chai na kula mkate bila kufanya kelele. Kuta za fleti yao ya Springfield, nje kidogo ya Washington, zilikuwa nyembamba, na usingizi wa mama ulikuwa mfupi. Mama yake, Bupe, alikuwa mhudumu katika mkahawa wa hoteli moja jijini humo. Alipanda basi, kisha treni ya chini ya ardhi, akahudumia wageni kutwa nzima akiwa amesimama, halafu akarudi kwa njia ile ile. Baba alikuwa masomoni Ohio na alikuja wakati wa likizo tu. Mwaka ule wa 1986, mama na binti walizoea kuzungumza kwa maneno machache, kwa sababu ya uchovu.

Jumamosi hiyo Adela hakunywa chai. Alisimama kando ya kitanda akiitazama kilti yake, ile sketi nzito ya sufu yenye miraba na marinda ambayo Waskoti huvaa, wanaume kwa wanawake. Alikuwa mpiga ngoma katika bendi ya shule, bendi ya zumari za Kiskoti, na asubuhi hiyo wangeandamana katika gwaride kwenye mji jirani wa Alexandria. Kilti zilikuwa za shule. Shati kila mtu alijitafutia.

"Kilti ina rangi za kutosha," mwalimu wao, Bi Fraser, alikuwa amewaambia. "Shati liwe jeupe tupu, lenye kola na mikono mirefu. Asiye nalo aniambie."

Adela hakumwambia. Aliona haya.

Alijaribu blauzi yake ya maua mekundu. Juu ya miraba ya kijani na buluu, ilimchekesha hata yeye mwenyewe. Alijaribu fulana ya michezo. Ilikuwa na jina la shule kifuani. Shati lake jeupe la mwaka jana lilikataa kufungwa vifungo, na mikono yake iliishia karibu na viwiko. Mama alikuwa ameahidi wangeenda dukani pamoja, lakini kila siku alirudi akiwa hoi, na Adela hakuwa na moyo wa kumkumbusha.

Nyuma ya mlango wa sebule lilining'inia shati la kazi la mama, jeupe, limepigwa pasi. Lile la pili lilikuwa limechanika wiki hiyo. Adela alitazama saa. Mama angeingia kazini mchana, na gwaride lingekuwa limekwisha. Alilivaa, akalichomeka ndani ya kilti, akateremka ngazi. Rafiki yake Serah, aliyepiga zumari, alikuwa akimngoja garini pamoja na baba yake, Bwana Cheruiyot.

"Umependeza sana," Bwana Cheruiyot alisema. "Mama Adela hajambo?"

"Hajambo. Amelala," Adela alijibu, akageukia dirishani.

Gwaride lilichelewa. Mvua ilinyesha, farasi wa mbele wakagoma kutembea, na bendi ikasimama barabarani hadi vidole vikafa ganzi. Walipoanza kupiga, Adela hakuusikia muziki vizuri. Alikuwa akiwaza saa tu. Aliporudi nyumbani, mama alikuwa ameshaondoka. Shati lilikuwa limelowa, na rangi ya kilti ilikuwa imeingia kiunoni. Akalikunja, akalisukuma chini ya kitanda.

Jioni mama aliingia, akakaa kitini bila kuvua koti. Mikono yake ilikuwa imevimba na kuwa myekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Adela, hukuliona shati langu jeupe?"

"Sikuliona, mama."

Neno lilitoka haraka, kabla hajaliwaza.

"Nimekwenda na la rangi ya maziwa," mama alisema. "Msimamizi akaniambia siwezi kuonekana mbele ya wageni. Nimesugua masufuria tangu nilipofika. Jumatatu nisipokuwa na sare, nisiende."

Akainuka, akaenda kutafuta. Alifungua kabati, akapekua kapu la nguo chafu, akashuka hadi chumba cha mashine za kufulia na kurudi akihema. Mwishowe aliketi sakafuni bafuni, akaegemea beseni.

"Nakumbuka nililitundika pale mlangoni," alisema polepole. "Nakumbuka kabisa. Au nililiacha kwenye treni? Adela, nadhani kichwa changu kimechoka mno. Juzi nilipitiliza kituo. Leo hili. Labda hata kazi yenyewe siiwezi tena."

Adela alikuwa tayari kwa makaripio, lakini si kwa sauti ile. Alikwenda chumbani, akavuta shati kutoka chini ya kitanda, akaliweka mapajani mwa mama yake.

"Hukusahau, mama. Nililichukua mimi, nikavaa na kilti. Halafu nikakudanganya."

Mama alilikunjua, akaliona doa.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka."

"Na mwalimu wako, je?"

"Sikumwambia. Niliona haya."

Mama alimwamuru ampigie mwalimu simu saa ile ile. Bi Fraser alisikiliza, kisha akasema, "Nina sanduku zima la mashati, Adela. Kila mwaka nusu ya bendi huvaa hayo. Jumatatu njoo uchague la saizi yako."

Kesho yake Adela alilisugua shati kwa sabuni na maji ya limau mpaka vidole vikamwasha. Doa lilififia, akalipiga pasi mwenyewe. Jumatatu mama alilivaa, akarudishwa kuhudumia wageni. Jioni aliporudi alimwita binti yake akae kando yake.

"Shati tungenunua jingine," alisema. "Kuchoka nimezoea. Lakini jioni ile, kwa sababu ya uongo wako, niliacha kuamini akili yangu mwenyewe. Anayedanganywa hubaki akihangaika na kosa ambalo si lake, mwanangu. Siku nyingine ukihitaji kitu, niamshe. Usingizi nitaupata tena."

"Nitakuamsha, mama," Adela alisema.