Koplo Si Hakimu

Kila asubuhi Ivie na Omosede walikaanga bajia za kunde nje ya soko la Uselu. Mmoja alikaa upande huu wa barabara, mwingine upande ule. Foleni ilikuwa kwa Omosede. Kunde zilezile, mafuta yaleyale, lakini wateja wote wa yule! Ivie alimwonea wivu hadi kicheko chake.

Wakati huo Nigeria ilitawaliwa na wanajeshi. Watu wakigombana, mmoja alitishia, "Nitakuitia soja." Ivie hakuishia kutishia. Alikwenda kwa shemeji yake, Koplo Ehigie, akamwomba amrushe Omosede kichura kwenye matope, wateja wake wakiona. Ili ombi lipate uzito akatia chumvi, kwamba Omosede anaitukana serikali.

Koplo hakumrusha mtu kichura. Alimpakia Omosede garini, akampeleka kambini. Kesho yake hakurudi. Mtoto wake anayenyonya alilia kutwa kwa bibi yake. Wateja walihamia kwa Ivie, akauza hadi karai likabaki tupu, na hakufurahi hata kidogo.

Alikwenda kwa jirani yake, wakili Aimufua, akamweleza yote bila kuficha.

"Dada Ivie, koplo si hakimu," mama huyo alisema. "Jeshi limechukua serikali. Ugomvi wa sokoni halikupewa. Kama mtu amekukosea, nenda polisi au mahakamani. Huko naye atasikilizwa."

"Sasa atatokaje?"

"Tutamwomba jaji awaamuru waliomshika wamlete mahakamani, waseme kosa lake. Wakikosa la kusema, anaachiwa."

"Na soja atamtii jaji?"

"Wengine hukataa. Tena kuna amri za kijeshi zinazoifunga mahakama mdomo, wanajeshi wakidai mtu anahatarisha nchi. Neno lako la kuitukana serikali ndilo litakalomponza. Ni wewe wa kulifuta, kwa kiapo."

Ivie aliogopa. Shemeji angemgeuka, na pengine angeshtakiwa yeye kwa uongo. Hata hivyo aliapa mbele ya karani wa mahakama kwamba alisema uongo kwa sababu ya wivu. Aliona aibu kulitamka neno "wivu" mbele ya watu.

Jaji alitoa amri. Kambini hawakuwa na kosa la kutaja, wakamwachia Omosede. Koplo Ehigie aliacha kumsalimia Ivie, lakini mtaani watu walianza kuulizana njia ya kwenda kwa wakili.

Ivie alikwenda kuomba radhi. Alimkuta Omosede akimnyonyesha mtoto, amekonda, hacheki.

"Wivu nao ni wako, nionee tu," Omosede alimwambia. "Ukiwa na kesi na mimi, nishtaki. Nitakuja, nitajibu. Kule ulikonipeleka hakuna aliyeniuliza hata jina langu."