Mpaka ni wa Wawili

Ketura alikuwa mkulima karibu na mji wa Bwera, magharibi mwa Uganda. Mume wake, Mumbere, alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, mbali na nyumbani. Kwa hiyo shamba lilikuwa mikononi mwa Ketura. Yeye ndiye aliyelima, akapanda, akapalilia.

Mwaka mmoja mto ulifurika. Maji yalishusha mawe na matope, yakafunika shamba lake na shamba la kahawa la jirani yake, Kosiya. Miti ya mpaka, ile myembamba yenye majani marefu, ilivunjika na kufunikwa. Hakuna hata mmoja ulioonekana.

Matope yalipokauka, Ketura alipanda maharage tena. Yalipoanza kutoa maua, alimkuta Kosiya katikati ya maharage hayo, akichomeka vijiti.

"Baba Masika, hii ni nini?" Ketura alimwuliza.

"Ni mpaka yangu."

"Mpaka yako ndani ya maharage yangu?"

"Maji ilipeleka ile ya zamani. Mimi naweka mupya. Bwana yako akirudi, tutaongea na yeye."

"Bwana yangu ndiye alilima hapa? Uliniona nikilima, ukanyamaza!"

Ketura alikasirika, akang'oa vijiti vyote, akavitupa uani kwa Kosiya. Kesho yake akachomeka vya kwake, ndani kabisa ya kahawa ya Kosiya. Kosiya akaja na panga. Ketura naye akashika panga lake.

"Gusa kijiti kimoja, Kosiya! Gusa uone!"

Teopista, jirani yao wa upande wa juu, alisikia kelele akaja mbio. Alikuwa mjumbe wa kamati ya ardhi. Alisimama kati yao.

"Wekeni panga chini! Mnataka kuuana sababu ya vijiti?"

"Huyu anaiba mpaka yangu," alisema Ketura.

"Iko yangu!" alisema Kosiya.

"Yangu, yangu!" Teopista naye alikasirika. "Hiyo neno mpaka, mnajua inatoka wapi? Si tunasema shamba hii inapakana na ile? Mpaka na kupakana ni ndugu. Sasa niambieni, mutu anaweza kupakana peke yake?"

"Mimi naibiwa, na wewe unanifundisha maneno!" Ketura alifoka.

"Ndiyo, nakufundisha. Kijiti mutu anachomeka peke yake haiko mpaka. Ni kuni tu. Hata yako, Mama Muhindo," Teopista alimwambia Ketura.

Maneno hayo yalimchoma Ketura. Lakini aliona jinsi vijiti vyake vilivyokata kahawa ya Kosiya, akashusha panga.

"Basi tufanye nini?" aliuliza kwa ukali.

"Mpaka inawekwa wote wawili wakisimama hapo. Majirani wote wanaopakana na nyinyi wanakuja. Mwenyekiti wa kijiji anakuja kushuhudia. Na kwanza tunachimba. Maji ilivunja miti, lakini mizizi iko chini."

Jumamosi watu wote hao walikuja, na Mumbere pia. Ketura na Kosiya walichimba matope. Walipata kisiki cha mti wa mpaka upande wa juu, kisha kingine karibu na mto. Mwenyekiti akavuta kamba kutoka kisiki hadi kisiki. Vijiti vya Kosiya vilikuwa vimeingia kwa Ketura. Vya Ketura vilikuwa vimeingia kwa Kosiya.

"Umeona?" alisema Ketura.

"Na wewe umeona?" alijibu Kosiya.

Walipanda miti mipya kufuata kamba ile, mbele ya mashahidi. Kosiya alishika mche, Ketura akafukia udongo.

Ketura hakumsamehe Kosiya upesi. Hata kanisani alikaa upande mwingine. Lakini msimu uliofuata alipanda maharage mpaka kwenye ile miti yenyewe, bila kuacha hata shubiri moja kwa sababu ya hofu. Alipokuwa akipanda, Kosiya alikuwa akipalilia kahawa yake upande wa pili. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, Kosiya ndiye aliyeanza kusalimia.