Kivuli Nyuma ya Mkimbiaji

Kila jioni, kondoo wakishalishwa, Eyrún na bibi yake Steinunn walikaa jikoni. Bibi alifuma sweta. Eyrún alicheza mchezo kwenye kompyuta yake mpya ya mpakato. Katika mchezo huo, msichana mwenye joho jekundu alikimbia juu ya theluji, picha yake ikiruka-ruka. Nje nako kulikuwa na theluji, na upepo uliguguna pembe za nyumba.

Jioni moja sindano za Bibi zilinyamaza.

"Huyo anayemfuata ni nani?" aliuliza.

Eyrún alisema msichana yuko peke yake. Bibi akanyoosha sindano hadi kwenye skrini. Kweli, nyuma ya joho kulikuwa na kivuli cha kahawia. Msichana akigeuka, nacho kiligeuka, kwa kuchelewa kidogo. Akisimama, kilimfikia na kumwingia mwilini.

Eyrún aliondoa vidole kwenye kibodi. Bonde zima lilijua kwamba ukoo wao una mfuasi, mzuka unaowaandama. Zamani, siku ya dhoruba, msichana mwenye kofia ya kahawia aliomba hifadhi katika shamba la ukoo huo. Alifungiwa mlango. Kulipopambazuka alikutwa kizingitini, amekauka kwa baridi. Tangu hapo huonekana nyuma ya mtu wa ukoo huo kabla ya msiba. Mara ya mwisho alionekana nyuma ya Babu. Babu alipanda mlimani kutafuta kondoo, na hakurudi.

Asubuhi Bibi alitoa sanduku uvunguni na kuanza kupanga nguo. Alisema Jumatatu atahamia nyumba ya wazee, mjini. Eyrún, ambaye hakuwa na mama mwingine ila huyo, alimshika mkono na kumwuliza amemkosea nini.

"Sikukimbii wewe, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Namwondoa yeye. Akinifuata mimi mzee, atakuacha wewe."

Eyrún alimpigia simu Mama Hallbera, jirani aliyefuga farasi na kutengeneza kompyuta za bonde zima. Hallbera alifika na theluji mabegani. Alikunywa kahawa, akauliza kwa nini Eyrún alichagua kompyuta hiyo. Eyrún alijibu kwamba skrini yake ilikuwa na namba kubwa kuliko zote katika duka la mtandaoni: nukta zaidi ya milioni nane.

"Kumbe ulinunua kwa uzito, kama kondoo," Hallbera alisema.

Alichukua sweta ya Bibi, akaeleza. Picha hufumwa kwa nukta, kama sweta kwa vishono. Vishono vikiwa vidogo na vingi, ua hutoka zuri, lakini mfumaji huchelewa. Ndani ya kompyuta, mfumaji ni kadi ya picha. Kadi ya Eyrún ilikuwa ya wastani. Haikuweza kujaza nukta zote hizo kwa wakati, ndiyo maana msichana aliruka-ruka.

Hallbera alipunguza nukta za mchezo. Msichana akaacha kuruka. Lakini kivuli kilibaki nyuma yake.

"Nilikwambia," Bibi alinong'ona.

Hallbera alifunga mchezo. Kwenye skrini tupu aliusogeza mshale wa kipanya haraka. Nyuma ya mshale kikapita kivuli chembamba.

"Mfuasi wenu ana kazi nyingi, Bibi. Hata mshale anaufuata."

Bibi aliusogeza mshale mwenyewe, mara tano.

Hallbera aliendelea. Skrini hii hubadilisha picha mara sitini kwa sekunde. Kipimo hicho huitwa hezi. Tena nukta zake ni nzito kubadili rangi. Picha mpya inakuja, ya zamani haijafutika. Kwa mchezo wa mbio, na kwa kadi kama hii, afadhali nukta 1920 kwa 1080, na hezi 144 au zaidi. Mwenye kadi yenye nguvu anaweza kupanda hadi 2560 kwa 1440. Na kabla ya kununua, asome watu waliopima wanasema nini juu ya wepesi wa nukta.

Kompyuta ilinunuliwa kwenye mtandao, na siku kumi na nne za kuirudisha zilikuwa hazijaisha. Ilikuwa siku ya kumi na moja. Eyrún aliifungasha na kuirudisha siku hiyohiyo. Bibi alikubali kusubiri nyingine, ila sanduku alilisimamisha mlangoni.

Kompyuta ya pili ilipofika, msichana alikimbia, na ukungu hafifu ukamfuata. Bibi aliinuka kuliendea sanduku. Eyrún akakumbuka onyo la Hallbera: mara nyingi skrini huja imewekwa hezi sitini. Alifungua mipangilio, akachagua 144.

Msichana alikimbia theluji yote, peke yake.

Bibi alitazama muda mrefu. Kisha alirudisha sanduku uvunguni na kuchukua sindano zake.

"Basi humo hayumo," alisema. Akageukia dirisha, ambako theluji ilikuwa inazidi. "Kwa hiyo yuko nje."

Eyrún alijua la kujibu kuhusu nukta na hezi. Lakini alikwenda akawasha taa ya barazani, na mlango akauacha bila kuufunga kwa ufunguo.