Mkanda wa Moyo wa Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alimfunga babu yake mkanda mweusi kwenye kifundo cha mkono. Jina hilo la utani alipewa na babu mwenyewe, maana hakuna shughuli iliyompita msichana huyo bila yeye kutia mkono. Ndani ya mkanda mlikuwa na kihisi, kidude kidogo kama kifungo cha shati, kilichosoma mapigo ya moyo na kuyapeleka kwenye kompyuta za watafiti wa chuo kikuu. Moyo wa babu ulikuwa na matatizo, na watafiti hao walitaka kujua kama kifaa chao kingeweza kumlinda mgonjwa akiwa kazini kwake.

"Wewe ndiye msimamizi wangu," mhandisi wa kifaa hicho, dada mmoja mcheshi, alimwambia siku ya kwanza. "Nataka mstari mzima wa mapigo, usio na pengo."

Kiherehere akavimba kichwa.

Lakini babu alikuwa fundi cherehani, na wiki ile alikuwa akishona shela la bibi harusi, kitambaa chepesi kama utando wa buibui. Kila alipokisogeza chini ya sindano, ukingo wa mkanda ulinasa nyuzi.

"Nivue balaa hili, mjukuu wangu," akasema. "Au nimkabidhi bibi harusi matambara?"

"Babu, dada mhandisi atasema nini?"

"Mwambie moyo umekwenda likizo."

Msichana hakucheka. Akilini alikuwa ameshaliona lile pengo kwenye mstari, na mhandisi amenuna. Basi akamvua babu mkanda, akajifunga yeye mwenyewe, akauficha chini ya sweta, akaenda nao shule. Wakati wa mapumziko akaruka kamba mpaka jasho likamtiririka. Akafanya hivyo kila siku hadi shela likaisha.

Siku hiyo mhandisi alifika mbio pamoja na daktari. Hata viti hawakutaka.

"Shikamoo babu. Unajisikiaje?"

"Marahaba. Mzima kama chuma. Kwani nani kafa?"

Mhandisi akafungua kompyuta. "Asubuhi moyo wako unapaa, unatulia, unapaa tena."

"Dawa unazomeza hazitoshi," daktari akasema, akitoa kalamu. "Naongeza ya kupunguza kasi. Unaanza leo."

Kiherehere alikuwa akiokota vipande vya uzi sakafuni. Dawa ya kupunguza kasi, kwa moyo ambao haukukimbia? Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwuliza kitu.

"Daktari, usiandike!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Huo ni moyo wangu mimi. Niliuvaa mkanda shuleni, nikawa naruka kamba."

Babu akaacha kukanyaga cherehani. Daktari akamshika babu kifundo cha mkono, akaitazama saa yake, kisha akampima shinikizo la damu bila haraka. Mwishowe akairudisha kalamu mfukoni.

"Mapigo yametulia kabisa," akasema. "Dawa ile ingemwangusha hapa hapa."

Babu akashusha pumzi ndefu, halafu akaangua kicheko. "Kumbe nimekuwa nikiruka kamba na vitoto vya shule, wala sina habari!"

Wote wakacheka, ila Kiherehere aliyekuwa akilia. Mhandisi akamkalisha kando yake, akamvua mkanda uliokuwa chini ya sweta, akaupitisha vidoleni.

"Babu aliuvua kwa nini?"

"Unanasa nyuzi, dada."

"Hilo ndilo tulilotaka kulijua! Tunakijaribu kifaa, si wewe wala babu yako. Ukingo huu tutaulainisha."

"Nipe hapa niushonee kifuniko," babu akadakia, "kazi yenu ina pindo baya."

Mhandisi akamfuta msichana machozi. "Ningeona pengo, ningepiga simu kuuliza. Mstari wako ulikuwa mzuri mno, nikauamini. Mgonjwa hutibiwa kwa ukweli, hata ukiwa na mapengo. Leo umeogopa na bado umesema, kwa hiyo babu yako yu salama. Akiuvua tena, niambie ameuvua. Mimi sitanuna."

"Nitakuambia," Kiherehere akajibu, akaenda kumtungia babu uzi kwenye sindano.