Halua Imeliwa, Mie Sijaridhia

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mbwana ni mkono wake wa kulia. Mafundi wengine wakiitwa kutengeneza mashine huanza kwa kugonga na kutukana. Yeye aliuweka mkono juu ya bati la mashine kubwa ya kufulia, akafumba macho, akatulia kama mama anayempima mtoto homa.

— Beringi hii, alisema. Si mota. Nani kakwambieni mota?

— Fundi wa hapa hapa Unguja, akajibu Nassra, mwenzangu wa zamu.

— Basi mrudisheni skuli.

Nassra alicheka. Mie niliinamia mashuka yangu. Tunafulia hapa mtaa wa Amani, mashuka ya mahoteli ya Mji Mkongwe na Mbweni, magunia kwa magunia.

— Na we dada, mbona husemi kitu?

— Huyo Amne, Nassra akamwambia. Ukitaka neno lake moja, njoo kesho kutwa.

— Ntakuja.

Akaja kweli. Akaja na siku ya pili yake, mpaka ikatimia miezi minane. Mashine ilikuwa nzima, yeye bado anakuja kuiangalia.

Alikuwa hachoki kuhadithia kwao.

— Kwetu Tanga mtoto mdogo anakwambia kiwanda gani kinalia, kwa kusikia king'ora tu. Babangu kafanya kazi kiwanda cha kamba za mkonge miaka thelathini na moja. Mamangu kasokota nyuzi hapo hapo. Walionana kwenye foleni ya chai.

— Na hicho kiwanda kipo? Nassra alimchokoza.

— Kilifungwa.

— Ahaa!

— Kimefunguliwa kingine! Nyie mnadhani mji ukinyamaza kidogo umekufa? Ule umekaa kitako tu kupumzisha miguu.

Wenzangu walikuwa wanacheka. Mie nilikuwa nakunja shuka moja mara tatu ili asimalize.

Baada ya Idi akaniletea maneno ya kweli.

— Amne, mjomba wangu anakuja kutoka Tanga na barua ya posa. Nimlete?

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Kwa Mbwana hilo lilitosha.

Nyumbani nakaa na shangazi yangu, Bi Khamisa, aliyenilea tangu baba alipofariki na mama kuolewa Kizimbani. Tuna vyumba viwili hapo Amani, lakini mtu akimuuliza shangazi kwao wapi, hujibu "sisi watu wa Malindi", na kidevu kinapanda juu. Kazaliwa huko Malindi ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya babu. Babu alipokufa, yeye na Ami Mcha, mdogo wake, wakaiuza. Sasa ni nyumba ya wageni, na shangazi akipita njia ile hugeuza uso.

Siku ya posa Ami Mcha, ambaye ndiye walii wangu, alimpokea mjomba wa Mbwana sebuleni. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Barua ilikuwa imefungwa vizuri ndani ya leso nyeupe.

— Kwenu hasa wapi, bwana? Ami aliuliza.

— Tanga, Ngamiani.

Kabla Ami hajajibu, shangazi akapenyeza sauti yake kwenye pazia.

— Tanga kuna nini siku hizi? Mabati ya kutu na mabohari matupu!

— Tanga kuna watu, bibi, yule mzee akajibu kwa upole.

— Watu wako kila pahala! Sisi nyumba zetu watu wanavuka bahari kuja kuzitazama. Za kwenu nani anakuja kuzitazama? Mie sitoi mwanangu kwa fundi ananuka grisi!

— Dada Khamisa, Ami akasema.

— Niache!

Barua ikarudishwa pale pale, leso haijafunguliwa. Kwetu hilo ni sawa na kumtemea mtu mate usoni. Mie nilikuwa nyuma ya shangazi, karibu kiasi cha kumshika bega. Sikumshika. Sikusema.

Kesho yake Mbwana alinikuta kwenye kamba za kuanikia.

— Mjomba wangu kapanda boti hata chai hakunywa. Mzee yule! Na nyie mna nini cha kujivunia? Mji mzima mmeugeuza duka. Nyumba za wazee wenu mnalaza wageni, wenyewe mmebanana huku. Mnauza mpaka milango!

Nilishika shuka.

— Ulikuwepo pale, Amne. Ulisema nini?

Nikalibana shuka kwa kibanio.

— Nnajua. Hukusema.

Akaondoka. Nilikasirika. Shangazi kautukana mji ambao hajapata kuukanyaga. Mbwana kautukana mji unaompa mkate. Kila mmoja na mdomo wake, na mie katikati kama kitambaa cha kufutia mikono.

Wiki mbili hazijapita, shangazi akaniita.

— Amne!

— Naam, shangazi.

— Kaa hapa. Hafiz kakuposa.

Nilikaa.

— Hafiz, mwenye nyumba yetu ya Malindi! Unaelewa nnachokwambia? Utaingia kwa mlango uliotokea jeneza la babu yako. Utalala chumba alichozaliwa babako. Nyumba inarudi, Amne! Inarudi!

Chumba kile nakijua. Mashuka yake huja kufuliwa kwetu Jumanne na Ijumaa, na namba nne imeandikwa kwa wino kwenye pindo.

— Haya, unamtaka?

Nilitazama ukili wa mkeka. Kwetu msichana akiulizwa akinyamaza, keshakubali. Haya yake ndiyo jibu. Anayekataa hulia. Mie sikulia. Machozi nilikuwa sina, hasira zilikuwa zimeyakausha. Nilikuwa nalitafuta neno moja tu la kuanzia.

— Alhamdulillah! Shangazi akainuka. Kanyamaza! Majirani, njooni, kanyamaza!

Vigelegele vikapigwa kabla sijafumbua mdomo. Laasiri halua ikawa inagaiwa mtaa mzima.

Siku ya pili simu yangu ikalia. Ujumbe wa Mbwana.

"Nimekula halua yako. Nassra kanipa kipande, nimeshatafuna nusu ndo ananiambia ya nani. Tamu kweli. Hongera. Jumamosi narudi kwetu, kazi nimepata."

Mie niliishia darasa la tano, kuandika kwangu kwa taratibu. Nilipofika "Mbwana si kweli mie" na kuutuma, alikuwa keshazima simu.

Jioni yake akapiga Hafiz.

— Amne, mchumba. Nna wazo zuri. Nshanunua kiti cha kizamani, kile cha kusukwa. Utakaa pale ukumbini, umevaa mavazi ya kale, wageni wakiingia unawapa maji ya baridi. Wataambiwa huyu ndiye mjukuu wa mwenye nyumba.

Nilihamisha simu sikio la pili.

— Watapenda sana! Nshaweka kwenye mtandao.

— Umeweka nini?

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti yangu. Akashtuka kidogo.

— Kwamba kuanzia mwezi ujao mwenyeji mwenyewe yumo ndani. Vyumba vyote vimeshashikwa, ndo maana nataka tufunge ndoa Ijumaa hii hii. Na usiwe na wasiwasi, huna haja ya kusema kitu. Uzuri wako ndo huo, kimya.

Nikakata simu. Nikaenda jikoni kwa shangazi, nikamwambia maneno yale yote, neno kwa neno. Sijui nguvu nilizipata wapi.

— Sasa ubaya uko wapi? akaniuliza, anachambua mchele. Utakaa kitini, hutofua tena. We darasa la tano unataka uwekwe wapi, Baraza la Wawakilishi?

Ijumaa ikafika. Nikatiwa hina, nikafunikwa kanga mpya. Wanaume walikuwa msikitini wanangoja akdi ya ndoa. Ami Mcha akaja na mashahidi wawili, wakasimama mlangoni.

— Amne binti Haji, mie walii wako nakuuliza. Unaridhia nikuozeshe Hafiz kwa mahari yaliyotajwa?

— Kanyamaza, shangazi akadakia. Haya nendeni, watu wanangoja.

— Khamisa, sijamaliza. Huulizwa mara tatu.

— Mara tatu ya nini na halua imeshaliwa?

— Amne, unaridhia?

— Sijaridhia.

Sauti ilitoka ndogo, kama chawa katambaa.

— Kasema nini? shahidi mmoja akauliza.

— Kakohoa, shangazi akajibu.

— Sikukohoa! nikasema, na kanga ikanianguka kichwani. Sijaridhia! Simtaki!

Chumba kizima kikanyamaza. Safari hii walinyamaza wao.

— Amne! Shangazi akanishika mkono wa hina. Unataka kuniua? Mtaa mzima umekula halua!

— Mmekula nyie. Mie hata kipande sikuonja.

— Nilikuuliza, ukanyamaza!

— Nilinyamaza, shangazi, na weye ukasema. Siku zote mie nikivuta pumzi, weye ushasema. Nyumba ya babu mliiuza nyie wawili, hamkuniuliza. Sasa mwataka mie niirudishe kwa kukaa kitini nitazamwe na wageni. Mie si mlango wa kuchongwa! Siirudishi!

Ami Mcha alitazama viatu vyake.

— Na yule wa Tanga? akauliza polepole.

— Yule mlimrudishia barua hamjaifungua. Ami, unajua mle mlikuwa mmeandikwa nini? Mie sijui mpaka leo. Barua yangu, na sijui.

— Darasa la tano! Shangazi akalia. Ulimi huu kautoa wapi?

— Kautoa kwako, Khamisa, akasema Ami. Akavaa kofia yake vizuri. Ndoa bila ridhaa haipo. Mie siendi kusema uongo msikitini. Amne, ukimtaka yule kijana, mwambie barua iletwe tena. Safari hii ntaifungua mwenyewe.

Akatoka na mashahidi wake kwenda kumwambia Hafiz. Shangazi akakaa chini, akajifunika uso kwa upande wa kanga.

— Mie nilitaka nife mle ndani tu, akasema. Basi. Nife kwetu.

Nilimhurumia. Nikamletea maji. Lakini sikumwambia ntafanya anavyotaka.

Nikavaa baibui, nikaenda kazini, hina bado haijakauka sawasawa. Mbwana alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye mfuko wa turubai. Nassra alikuwa anamsaidia, anamlaumu huku anamsaidia.

— Umekuja kuniaga? akaniuliza bila kuinua kichwa. Mumeo yuko wapi?

— Sina mume. Nimekataa mbele ya mashahidi.

Spana ikamponyoka.

— Wewe? Kwa mdomo wako?

— Kwa mdomo wangu. Kamuulize Ami.

— Yarabi! Nassra akapiga kelele. Kasema!

Mbwana akanisogelea, anacheka, na mie nikarudi hatua moja.

— Usicheke. Sikuja kukubembeleza. Shangazi kautukana mji wenu hajaufika. Weye wetu umeufika, umekula, umefanya kazi, na ukautukana vile vile. Mna tofauti gani?

Kicheko kikamkatika.

— Nilikuwa na hasira.

— Na mie nna hasira. Nna hasira tangu Idi. Mbona sikutukana mji wa mtu?

Alijifuta mikono ambayo ilikuwa haina uchafu.

— Nimekosa, Amne. Nisamehe. Malindi ni kwenu, sikuwa na haki.

— Ami kasema barua irudi. Ataifungua.

— Mjomba hatokubali kuja tena.

— Mwambie mie ndo nimemwita.

Akanitazama kama anaitazama mashine asiyoijua.

— Ntamwambia leo leo. Jumamosi siendi popote. Lakini Amne, kazi niliyoipata iko kule. Utakubali kuhama? Uache kisiwa chenu, shangazi yako, Nassra, uje Tanga, kwa ajili yangu mie?

Nassra akasogea kusikiliza. Nilitaka kutikisa kichwa kama nilivyozoea. Nikajizuia.

— Si kwa ajili yako.

— Khaa!

— Ngoja niseme yote leo, kesho huenda nisiweze. Miaka sita nafua hapa. Shuka linaingia chafu, linatoka jeupe, kesho kutwa linarudi chafu. Sijapata kutengeneza kitu kikabaki. Wenzangu walikuwa wanakucheka ukihadithia viwanda, na mie nilikuwa namwonea wivu mamako. Nataka kusimama kwenye mashine, kamba itoke mikononi mwangu, iende ikafunge meli ya mtu nisiyemjua. Nakupenda, Mbwana, wallahi nakupenda. Lakini hata ungeondoka usinitazame tena, Tanga mie ningekuja.