Gari Lililofika Bila Msemaji

Haya alinieleza Verediana mwenyewe mwaka jana, tukipukuchua mahindi uani kwangu hapa Mlandege, Iringa. Pale ambapo yeye hakuwapo, nilimwuliza Nkuba, fundi wa kompyuta.

Verediana anauza mitumba. Siku moja alikuwa mnadani Mbalizi, kule Mbeya, kutafuta mzigo, amevaa sweta la kijani na kitenge cha maua ya njano, mkono mmoja masweta ya watoto, mwingine mkoba wenye laptop. Muuzaji anamtajia bei, yeye hasikii. Masikio yake yalikuwa kwenye kibanda cha jirani, ambako kompyuta ilikuwa inapiga muziki mwembamba, ule wa magemu ya zamani. Akayaacha masweta, akaingia.

Ndani alikuta kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri.

"Kamwene," Verediana akasema.

"Hiyo ni salamu ya Iringa. Mimi Msukuma wa Usangu."

"Haya, habari za ng'ombe."

"Ng'ombe wako kwa baba. Mimi nachunga kompyuta. Nikusaidie nini, dada?"

Verediana akatoa laptop na CD moja kuukuu, akaeleza. Kaka yake Danieli, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alipofuka kwa presha ya macho. Tangu hapo amekuwa mtu wa kukaa tu. Kuna gemu moja la mbio za magari alilonunuliwa na baba yao, akalicheza ujana wake wote. Mle kuna mtu anakaa pembeni ya dereva, anamwambia kona zinazokuja: kushoto, kulia, punguza. Danieli anasema akimsikia yule mtu, ataendesha hata bila macho.

"Lakini kwenye hii laptop mpya limekuwa bubu. Mafundi wananiambia, dada, picha si inaonekana? Picha ya nini kwa mtu asiyeona?"

Nkuba alitaka kucheka, akaacha. "Gemu linatafuta kadi ya sauti ya zamani, kompyuta za siku hizi hazina. Naweka programu inayojifanya kompyuta ya zamani, halafu humo ndani nalichagulia kadi linayoijua. Niachie."

"Nikuachie CD ya marehemu baba, na sikujui?"

"Nijue basi. Naitwa Nkuba. Andika namba."

Verediana akamwachia vyote, na namba yake pia. Nkuba ndiye aliyepiga kwanza, jioni ya pili.

"Halo, mama masweta."

"Nani kakuruhusu uniite mama?"

"Basi, mpenzi."

Verediana akasema, "Mama inatosha kwanza."

Wakawa wanapigiana kila jioni. Gemu likawa sababu, halafu sababu ikawa haihitajiki tena. Siku moja Nkuba akasema, "Nyamaza usikilize." Kwenye simu gari likanguruma, kisha sauti ya mwanamume ikaanza kutaja kona kwa Kiingereza, harakaharaka. Verediana akakaa chini juu ya furushi la nguo, akalia.

"Unalia nini sasa, mpenzi?"

Safari hii hakumkataza.

Wakapanga. Masanja, mjomba wake Nkuba, angekuja Iringa kuwa mshenga, na Nkuba angefuatana naye, akabidhi laptop siku hiyohiyo. Walitaka Danieli afurahi kwanza, ndipo aombwe dada yake. Na Danieli ndiye wa kuombwa, hakuna mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu mpaka saa nne. Danieli alikaa kwenye kiti chake, koti jeusi, amenyoa ndevu. Masanja akasalimia kwa heshima, akaweka soda na kitenge mezani. Nkuba akafungua laptop, akaweka vidole vya Danieli kwenye vitufe.

Gari likanguruma. Danieli akatabasamu, watu wakaona meno yake. Akasubiri. Gari likaenda, likagonga. Akarudia. Likagonga tena.

"Mtu yuko wapi?" akauliza.

Nkuba akainamia laptop. "Alikuwepo, shemeji. Nilimsikia."

"Usiniite shemeji bado. Mngurumo wa magari nausikia barabarani bure. Nauliza mtu. Na CD ya baba?"

Nkuba akapapasa begi, akapapasa mifuko. Jasho likamtoka na baridi ile. "Nimeisahau dukani."

"Ahaa. CD imebaki kwako, na mimi nimeletewa gari tupu." Danieli akageuza uso kulikokuwa na dada yake. "Vere, wewe uliniambia umemsikia huyo mtu. Ulimsikia kweli, au kijana alikupigia redio?"

Hapo ndipo Verediana alipotakiwa kusema. Alimsikia kwa masikio yake. Lakini alimwona kaka yake ameshikilia vitufe kama mtu aliyeibiwa, akamhurumia.

"Sijui, kaka," akasema. "Ilikuwa kwenye simu."

Nkuba akamtazama.

"Mjomba," Danieli akamwambia Masanja, "chukueni vitu vyenu. Sina dada wa kumpa mtu ninayemtilia shaka."

Kwetu, mposaji akirudishwa na vitu vyake, havuki tena mlango mpaka aitwe. Masanja akabeba soda, wakaondoka. Getini Verediana akamshika Nkuba shati.

"Niambie ukweli tu."

"Hata wewe, Vere?" Akautoa mkono wake taratibu, akaenda zake.

Juma zima simu zikanyamaza. Verediana aliuza nguo kwa bei yoyote. Kule Mbalizi, Nkuba alifungua gemu kwenye kompyuta yake ya mezani. Msemaji yupo, anataja kona zote. Akakasirika zaidi. Akaitoa CD aitie kwenye kasha airudishe kwa wenyewe, akacheza tena. Gari likanguruma peke yake.

Akakaa. Akairudisha CD, msemaji akarudi. Ndipo akaelewa. Yule mtu hakuwa ndani ya mafaili. Alikuwa amerekodiwa pembeni kwenye CD, kama nyimbo zinavyorekodiwa. Laptop haina mlango wa CD, kwa hiyo yeye alinakili mafaili tu, akamwacha mtu nyuma. Na hakulijaribu kwenye laptop kabla ya kusafiri. Alikuwa na haraka ya kuoa.

Akanakili CD nzima jinsi ilivyo, akaiweka kwenye flashi, akaijaribu kwenye laptop ya mteja. Kisha akampigia Verediana.

"Nimelipata kosa. Ni langu," akasema.

"Na mimi ninalo langu," Verediana akajibu. "Njoo."

"Sijaitwa."

"Simama getini. Vitu nitaviingiza mimi."

Akaja. Akasimama nje ya geti, kola imepandishwa, upepo wa Iringa unamchapa. Verediana akachukua flashi na CD, akaingia. Kwanza akaweka CD kwenye kiganja cha kaka yake. Danieli akaipapasa ukingo wote.

"Kaka, siku ile nilikudanganya. Nilimsikia yule mtu. Nilimsikia vizuri nikalia. Niliogopa kukuumiza, nikamuumiza yeye. Hata ukikataa leo, nampenda, na nimesema."

"Washa," Danieli akasema. Verediana akachomeka flashi kama Nkuba alivyomwelekeza.

Gari likanguruma. Kisha sauti: kona ya kushoto, ndefu, punguza. Vidole vya Danieli vikatembea. Kulia. Kushoto tena. Nje, Nkuba alisikia kupitia dirishani, akashika geti kwa mikono miwili. Kona ya kumi na ngapi sijui, gari likagonga mti, na Danieli akacheka kwa nguvu, kicheko ambacho Verediana alikuwa amekisahau.

"Nimezeeka," akasema. "Yuko wapi?"

"Getini."

"Kwenye baridi hii? Mwite."

Nkuba akaingia, akapiga goti kusalimia.

"Ulikosea wapi?" Danieli akauliza.

Akaeleza yote, na haraka yake ya kuoa hakuificha.

"Shemeji," Danieli akasema, na Verediana akaziba mdomo kwa kitenge, "mjomba wako aje Jumamosi. Na wewe safari hii usiwe na haraka."

Nkuba hakulala pale, si desturi. Alichukua chumba gesti ya jirani. Saa mbili usiku Danieli alikuwa ameshasinzia kitini, Verediana akamfunika blanketi, kisha akajilaza na simu sikioni.

"Umelala, mpenzi?"

"Bado," Nkuba akajibu. "Nakusikiliza."

Akamsimulia rangi ya gauni analolitaka, na viatu. Alipofika kwenye mikono ya gauni, upande wa pili kulikuwa na pumzi tu, nzito, za mtu aliyechoka. Hakukata simu. Alisikiliza zile pumzi mpaka vocha ikaisha, naye akalala.